UZI: Majengo ya zamani ya MIOME pale Tudor – namna ya kuyapa tarehe, kuyapima na kuyatunza

MwanafunziTudor

Assalaam aleikum wakubwa zangu. Naandika historia ya majengo ya zamani ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa (TUM), yale ya tangu enzi za MIOME (chuo kilichoitangulia TUM) yenye matao na kuba. Nimekwama mahali patatu. Kwanza, kila karatasi ina mwaka wake: moja yasema miaka ya 1940, nyingine 1951, nyingine 1972, na kuna zinazoanzia 2007. Pili, nimeonyeshwa nakala za ramani zisizo na tarehe. Tatu, nataka urefu wa kuba na sina njia ya kupanda juu. Nianzie wapi?

Bi_Nyaraka

Wa aleikum salaam mwanangu. Anzia kwenye miaka, maana hiyo haipingani hata kidogo. Kila mmoja unajibu swali lake.

MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ilitafutiwa fedha na kuwekewa msingi wa kisheria miaka ya mwisho ya 1940. Mwaka 1951 ndio ulioingiza wanafunzi wa kwanza. Mwaka 1966 jina likawa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, politekniki ya pili ya taifa baada ya ile ya Nairobi. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na 2013 ikapata hati yake yenyewe na jina la TUM.

Sasa angalia: 1966, 1972, 2007 na 2013 ni miaka ya makaratasi. Siku jina lilipobadilika hakuna ukuta uliosogea. Anayeandika kwamba jengo la matao "lilijengwa 1972" amechanganya cheti na jengo. Kosa hilo limejaa mitandaoni, na kila anayenakili analipeleka mbele.

Usisahau na hali ya nchi wakati ule. Pwani haikuwa koloni kama bara. Ukanda wa maili kumi ulikuwa himaya, mwenye mamlaka kwa jina akiwa Sultani wa Zanzibar, hadi tarehe 12 Disemba 1963. Ndiyo sababu kwenye orodha ya wafadhili utamkuta Sultani Seyyid Khalifa bin Harub pamoja na Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Chuo hakikukusudiwa Mombasa peke yake bali Waislamu wa Afrika Mashariki yote. Usipolieleza hilo, msomaji hataelewa kwa nini taasisi ya ufundi ilivikwa matao na kuba badala ya kujengwa kama karakana ya reli.

MpimaMajumba

Maalim Bi Nyaraka amesema kweli. Mimi nitaongeza kwamba majina hayo matano ni kalenda ya bure. Kila ramani ina kisanduku cha maandishi, kwa kawaida kona ya chini kulia. Soma jina la taasisi lililomo:

MIOME – kabla ya 1966.
Mombasa Technical Institute – 1966 hadi 1972.
Mombasa Polytechnic – 1972 hadi 2007.
Mombasa Polytechnic University College – 2007 hadi 2013.
TUM – kuanzia 2013.

Fanya vivyo hivyo kwa vibao vya milango, mihuri ya vitabu vya maktaba, namba za mali zilizopakwa rangi kwenye meza na mashine za karakana, hata vifuniko vya mashimo ya maji machafu. Lakini jina hukupa tarehe ya kile kitu chenyewe, si ya chumba kilichomo. Mashine yenye jina la 1966 yaweza kuwa imehamishwa mara tatu. Na ramani yenye jina la Polytechnic yaweza kuwa ramani ya kukarabati jengo la MIOME. Basi tafuta kama mistari mingine imechorwa kwa nukta au kivuli tofauti, maana ndivyo wachoraji wanavyotenganisha kilichopo na kinachoongezwa.

Kipimo nacho kinasema. Ukiona futi na inchi, na uwiano umeandikwa kama "sehemu ya nane ya inchi kwa futi moja", hiyo ni ya kabla ya Kenya kuhamia mita au ya muda mfupi baadaye. Gharama zikiwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, yaelekea uko kabla ya noti za Kenya zilizotoka 1966.

MwanafunziTudor

Hapo kwenye uwiano ndipo niliposhindwa, kaka. Nikipima kwa rula ya 1:100 vyumba vinatoka vikubwa kuliko vilivyo.

MpimaMajumba

Kwa sababu si 1:100. Sehemu ya nane ya inchi kwa futi ni 1:96, kwani futi moja ina inchi 12 na kila inchi ina sehemu nane: 12 × 8 = 96. Robo inchi kwa futi ni 1:48, nayo watu huichukulia kuwa 1:50. Rula ya 1:100 juu ya ramani ya 1:96 hukuongezea asilimia 4 na kidogo. Jengo la mita 30 litasomeka mita 31.25, na chumba cha mita 6 kitasomeka 6.25.

Kisha kuna mashine ya kunakili. Nyingi hupunguza ukubwa kidogo bila kukuambia ili kingo za karatasi zisikatwe. Na karatasi yenyewe, kwa unyevu huu wetu wa Mombasa, hutanuka upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo usitumie rula yoyote mpaka umefanya hivi: tafuta kipimo kirefu kilichoandikwa kwa tarakimu upande wa mlalo, na kingine upande wa wima. Pima mistari hiyo kwa milimita, gawanya, upate uwiano wa kila upande. Ukitofautiana, tumia kila mmoja kwa upande wake. Na pale tarakimu ilipoandikwa, iamini tarakimu, si mstari.

FundiChokaa

Nawaamkia. Ramani ikikosekana, jengo lenyewe linajua kama lilizaliwa kwa futi au kwa mita. Tatizo ni kwamba watu hupima unene wa ukuta, na ukuta hautakuambia kitu. Mawe ya kukata hapa Pwani mpaka leo yanauzwa ya inchi 9 na ya inchi 6, jengo liwe la mwaka huu au la 1950. Juu ya hayo plasta inadanganya: ukuta wa milimita 200 ukipigwa plasta ya milimita 15 kila upande unakuwa 230, na ukuta mtupu wa inchi 9 ni 229. Sasa utajuaje?

Pima nafasi ya nguzo au matao, katikati hadi katikati. Na usipime moja, pima safu nzima. Tao moja la futi 12 ni mita 3.658, na la kimita ni 3.60. Tofauti ni sentimita 6 tu, hupotea kwenye plasta. Lakini nafasi nane za futi 12 ni mita 29.26, na nane za mita 3.60 ni 28.80. Hapo sentimita 46 hazifichiki.

Milango pia, lakini pima fremu, si ubao, maana mbao zimebadilishwa mara nyingi. Fremu ya futi 6 na inchi 9 ni milimita 2057. Ya kisasa huwa 2100.

MpimaMajumba

Naafiki, na hili la safu nzima ndilo watu hulipuuza. Utepe wa kitambaa usiutumie, huvutika. Chukua wa chuma wa mita 30, uvute na watu wawili, na usome vipimo vya kulimbikiza: sifuri ibaki pembeni ya jengo, kisha soma kila nguzo mfululizo bila kuusogeza utepe. Ukipima nguzo moja moja na kujumlisha, kosa la milimita 5 mara nane linakuwa sentimita 4. Na kwa kila chumba chukua mishazari yote miwili. Ikitofautiana, chumba si mraba, na ukikichora mraba ukuta wa pili hautafunga.

Sasa kuba. Simama mahali tambarare, pima umbali hadi chini ya kuba, pima pembe ya ncha kwa kipima pembe (programu ya simu inatosha ukiishikilia kwenye kitu kilichonyooka), kisha: urefu = umbali × tanjenti ya pembe + urefu wa jicho. Tuseme mita 20, nyuzi 35, jicho mita 1.6: 20 × 0.700 = 14.0, ongeza 1.6, jumla 15.6. Kosa la nyuzi moja tu hapo ni nusu mita. Kwa hiyo pima mara tatu kutoka sehemu mbili tofauti.

Kosa kubwa kuliko yote ni umbali. Watu hupima hadi ukuta ulio mbele yao, ilhali ncha ya kuba iko katikati ya jengo, nyuma ya ukuta huo. Kama chini ya kuba pana upana wa mita 8, ongeza mita 4 kwenye umbali wako. Usipoongeza, katika mfano ule utapunguza urefu kwa mita 2.8.

MwanafunziTudor

Ahsante sana kaka. Na kipenyo cha kuba?

MpimaMajumba

Kama unafika kwenye paa kwa ngazi ya ndani, zungusha utepe chini ya kuba, gawanya kwa 3.1416. Kama hufiki, piga picha ukiwa mbali na lenzi ya kuvuta, si karibu na lenzi pana, kisha linganisha na kitu cha kipimo unachokijua kilicho usawa uleule wa umbali. Usiruhusu mwanafunzi yeyote kutembea juu ya kingo za zege za zamani bila fundi kuzigonga kwanza. FundiChokaa ataeleza kwa nini.

FundiChokaa

Kwa sababu nondo zimeoza ndani na juu huoni. Chuma kikishika kutu hufura mara kadhaa ya ujazo wake, kisha hupasua zege kutoka ndani. Kwa juu panaonekana pazima, ukigonga kwa nyundo ndogo panalia kama debe. Palipo pazima hulia kavu, kwa sauti ya juu.

Katika Mombasa sababu ni mbili na zafanya kazi pamoja. Moja ni chumvi, inayotoka hewani na wakati mwingine kwenye mchanga wa baharini uliotumiwa bila kuoshwa. Ya pili ni hewa yenyewe: miaka ikipita, zege hupoteza ule ukali wa chokaa unaolinda chuma. Hii ya pili unaweza kuipima. Vunja kipande kidogo upate sehemu mbichi, futa vumbi, nyunyiza fenoftaleini (kemikali inayogeuka rangi penye alkali) ya asilimia 1 iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Ikigeuka waridi kali, zege bado lina ulinzi. Isipobadilika rangi, limekufa mpaka hapo. Pima kina hicho kwa milimita na ulinganishe na kina cha nondo. Kina kikiwa milimita 30 na nondo ziko milimita 25, zimeshavuliwa nguo. Lakini rangi ya waridi haikuambii habari ya chumvi. Hiyo yahitaji unga wa kutoboa upelekwe maabara, kwa kina tofauti, mfano milimita 0–15, 15–30, 30–45.

Makosa ya ukarabati ninayoyalalamikia siku zote: fundi anachimba mpaka anaona nondo, anapaka rangi mbele, anafunga. Nyuma ya chuma kutu inaendelea. Inatakiwa uchimbe uzunguke nyuma ya nondo milimita 20 hadi 25, usugue mpaka chuma king'ae pande zote, ndipo upake kinga na kufunga. Na kwenye chumvi nyingi, kiraka kikiwa kizuri kutu huhamia pembeni yake, kwa hiyo panua kiraka hadi upate zege safi.

Bi_Nyaraka

Fundi, na kuta? Mji wa Kale tunaona plasta ya simiti ikibanduka vipande vipande. Yale ya Tudor yako hatarini namna hiyo?

FundiChokaa

Inategemea ukuta umejengwa kwa nini, dada. Usikisie, chunguza. Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, kuta nene za sentimita 45 hadi 60, na vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Majengo ya 1950 ni kizazi kingine. Wakati ule zege na simiti vilishakuwa kawaida mjini, ndiyo maana matao yakawa mapana na vyumba vikaachana na kipimo cha boriti. Tao linaloonekana la Kiarabu kwa macho huenda likawa boksi la zege lililopambwa.

Kujaribu kwa siki hakukusaidii, maana chokaa, tumbawe na simiti vyote hutoa povu. Kwaruza kiungo cha ndani, palipofichika, kwa ncha ya kisu. Chokaa huchimbika na kutoa unga. Simiti hukuacha na mkwaruzo wa chuma tu.

Ukikuta chokaa, usipige plasta ya simiti. Ukuta wa tumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Simiti huziba pumzi, maji hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga mkali uliooshwa sehemu 3, lowesha ukuta kwanza, piga tabaka nyembamba zisizozidi milimita 10 hivi, na kila tabaka likauke polepole chini ya magunia mabichi. Chokaa ikikaushwa na jua la saa saba itakuwa unga.

Na yaliyojengwa kwa simiti tangu mwanzo, usiyageuze ya chokaa kwa mapenzi ya ukale. Hilo nalo ni kuharibu historia.

JirazaKisauni

Kwa nini kuta za upande mmoja zinaota ukungu kuliko za upande mwingine, hali zimepakwa rangi siku moja?

FundiChokaa

Kusi, ndugu yangu. Aprili hadi Septemba upepo watoka kusini mashariki na mvua ya masika hupigwa ukutani kwa mshazari. Pande za kusini na mashariki hunywa zaidi. Mifereji na mitaro ya paa isafishwe Februari, mwisho mwanzo wa Machi. Kuba na paa la bapa zinapokutana ndipo penye nyufa kwanza, kwa sababu zinapanuka tofauti kwa joto.

Bi_Nyaraka

Nirudi kwenye karatasi. Mwanangu, ukibahatika kupewa ramani za asili, kuna aina mbili usizichanganye. Ya rangi ya bluu yenye mistari meupe hufifia kwa mwanga na kuharibiwa na ukali wa alkali, kwa hiyo usiiweke kwenye karatasi za hifadhi zilizotiwa kinga ya alkali. Ya pili ina mistari ya bluu au kahawia kwenye karatasi nyeupe, mara nyingi na harufu kali ya amonia. Hii hutoa mvuke unaochafua zingine, itenge kabisa. Zote zilazwe, zisikunjwe. Iliyokaa imeviringishwa usiivunje kwa nguvu. Iache siku chache chumba chenye unyevu wa kawaida, kisha uibane polepole.

Unapoipiga picha, weka rula ndani ya fremu, kamera iwe sambamba na karatasi, na upige nyuma pia. Nyuma ndiko kwenye mihuri na saini.

Pa kutafuta: Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Nairobi, hifadhi ya Zanzibar pale Kilimani, kwa sababu ya mkono wa Sultani, na London, hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, mafaili ya Wizara ya Makoloni (CO): CO 533 ya Kenya na CO 618 ya Zanzibar. Ongeza gazeti la Mombasa Times la wakati huo kwa sherehe za kuweka jiwe na kufungua. Tafuta kwa jina la MIOME, si TUM. Wengi hutafuta kwa jina la leo, wakirudi mikono mitupu husema hakuna kitu.

Ukikuta jiwe lenye mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. 1370 hukupa 1950.9, nao kweli ulianza Oktoba 1950 na kuishia Oktoba 1951. Kwa hiyo andika "1950/51", usichague mmoja kwa kupenda.

MpimaMajumba

Vyuo jirani vina somo hilohilo la miaka. Dar es Salaam chuo kilianza 1961 kwenye jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na kuhamia Mlimani ni 1964. Anayeona Nkrumah Hall, ukumbi wa pale Mlimani, kwenye noti ya zamani ya shilingi 500 na kuandika 1961 chini yake amekosea jengo.

Na Makerere lina somo jingine, zito. Jengo kuu lililokamilika 1941 liliungua usiku wa Septemba 2020, paa la mbao likaanguka ndani, likafunguliwa tena 2024. Jengo la utawala mara nyingi ndilo lenye kabati la ramani zake lenyewe. Moto mmoja huchukua jengo pamoja na maelekezo ya kulijenga upya.

MwanafunziTudor

Basi nakala nizipeleke wapi, na picha nizipange vipi ili mwingine azielewe?

Bi_Nyaraka

Nakala tatu: moja maktaba ya chuo, moja nje ya kisiwa, moja kwenye diski isiyounganishwa na mtandao. Chukua kibali cha chuo na cha utafiti cha serikali kabla ya kupiga picha yoyote ndani ya ofisi, uviambatanishe.

Jina la kila faili liwe na jengo, upande, chumba, tarehe: kwa mfano "jengokuu_kusini_tao3_2025-02-14". Usiandike "mbele" wala "nyuma", maana lango likihamishwa mbele inakuwa nyuma. Tumia dira. Matao yahesabiwe kutoka magharibi kwenda mashariki, na hesabu hiyohiyo itumike kwenye ramani, picha na daftari la nyufa.

FundiChokaa

Na kwenye daftari hilo la nyufa, kila ufa uandike upana kwa milimita mwanzoni, katikati na mwishoni. Chora mstari mwembamba wa penseli ukipita juu ya ufa na tarehe kando yake, pamoja na alama pale ufa unapoishia. Pima Februari kabla ya mvua, Juni baada ya masika, na Disemba kaskazi likianza. Ufa unaofunguka na kufunga ni wa joto na unyevu. Ule unaoongezeka tu bila kurudi, huo mwite mhandisi.

MwanafunziTudor

Nimeelewa. Naanza na safu ya matao na utepe wa chuma, kisha kisanduku cha kila ramani. Vipimo nitavileta hapa mlivyoviagiza: vya kulimbikiza, na mishazari yote miwili.

MpimaMajumba

Lete na joto la hewa la saa uliyopimia. Utepe wa chuma wa mita 30 hurefuka milimita 3 hadi 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, na nyingi zimesanifiwa kwa nyuzi 20. Pima asubuhi na mapema.